Ahadi ya Mji na Haja ya Maji

Katika darsa yetu ya usiku wa Ijumaa liliulizwa suali ambalo lilitugawa pande mbili, na hata tulipoondoka kila upande ulikuwa bado umeshika lake. Suali lenyewe ni hili: wakubwa wa mji wakitoa ahadi kwa niaba ya mji mzima, kisha baada ya miaka mji ukaona kwamba ahadi ile yaudhiki, je, mji waweza kuivunja? Upande mmoja ulisema kwamba ahadi ni deni, na deni halifi kwa kuchukiza. Upande wa pili ulisema kwamba maslaha ya wengi hutangulia mbele ya karatasi ya mmoja. Mimi niliyeombwa kuandika kurasa hizi nilikuwa katika upande huu wa pili, na sababu yangu nitaieleza mwishoni, ingawa si jambo la kujifakhari nalo.

Mwenye kubishana bila ya mfano ni kama apigaye makasia mchangani. Kwa hiyo nimechagua kesi moja ya kweli, iliyohukumiwa zamani katika nchi ya mbali, baina ya mji na kampuni ya maji. Umbali wake una faida, kwani katika kesi ya watu wengine hatuna jamaa wa kumpendelea wala hasimu wa kumkomoa.

Mji wa Walla Walla uko magharibi ya Marekani, katika jimbo la Washington, karibu na mpaka wa Oregon. Mwaka 1887, nchi ile ilipokuwa bado haijafanywa jimbo, baraza la mji lilipitisha sheria ya kuipa kampuni ya maji ruhusa ya miaka 25 kuchimba barabara, kulaza mabomba na kuwaletea watu maji, na kampuni ikakubali. Mji uliahidi kulipa dola 1,500 kila mwaka, nayo kampuni iwe ikitoa maji ya kuzimia moto na ya kusafishia mifereji ya taka. Iwapo kampuni ingeshindwa kutimiza wajibu wake kwa kiasi kikubwa, mji ulikuwa na haki ya kwenda mahakamani kutaka mapatano yafutwe. Lakini maadamu hayajafutwa, mji uliahidi kwamba hautajenga mtambo wa maji wa kwake wenyewe, wala hautakuwa na sehemu katika mtambo mwengine.

Liko na sharti jengine ambalo mwenye haraka hulipita bila ya kuliona. Iliandikwa waziwazi kwamba mapatano yale hayauondolei mji haki yake ya kuitwaa mitambo ya kampuni wakati wowote kwa njia ya sheria, kwa kuithamini na kuilipa. Tena katika kuikadiria bei, kuwepo kwa mapatano yenyewe kusihisabiwe. Maana yake ni kwamba kampuni haikuweza kusema, «Nilipeni na thamani ya ile miaka iliyonibakia.» Ingelipwa mtambo na haki zake za maji, basi. Msomaji alishike sharti hili, kwani tutalirudia.

Mwaka 1893, miaka sita tu baada ya hapo, baraza la mji lilipitisha sheria nyengine: mji ujenge mtambo wake wenyewe, na ukope fedha zisizozidi dola 160,000 kwa kazi hiyo. Wapigaji kura wakaulizwa, nao wakakubali. Kampuni ikaenda mahakamani kuuzuia mji, na mahakama ikauzuia. Mji ukapeleka rufani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 14 Novemba 1898 hukumu ikasomwa, iliyoandikwa na Jaji Henry Billings Brown. Mji ulishindwa.

Na tuzisikilize hoja za mji kwanza, kwa kuwa hazikuwa hoja za kipuzi. Mji ulisema kwamba baraza halikuwa na uwezo wa kujifunga mikono kiasi kile, kwani uwezo wa kuwaletea watu maji ni amana ya umma, na mtu hawezi kuuza amana. Ukasema tena kwamba hati iliyouunda mji ilikataza deni lake kuzidi dola 50,000, na malipo ya miaka 25 yakijumlishwa hufika dola 37,500, ambazo zikitiwa juu ya madeni mengine zaweza kuuvusha mpaka ule.

Kuhusu deni, mahakama ilijibu kwamba malipo ya kila mwaka kwa huduma ya kila mwaka si deni moja lililokwisha kuwa shingoni tangu siku ya kwanza. Maji ya mwaka wa kumi hulipiwa yanapoletwa mwaka wa kumi, na yasipoletwa hapana kinachodaiwa. Kila mwenye nyumba aliyepata kuajiri mlinzi ataifahamu hisabu hii bila ya kufundishwa.

Kuhusu kujifunga mikono, mahakama ilisema kwamba mji haukuuza uwezo wake. Mji ulikuwa na ruhusa ya kuwaletea watu maji, na kufanya mapatano na kampuni ni njia mojawapo ya kuitumia ruhusa hiyo. Wala mji haukuipa kampuni haki ya peke yake, kwani haukujizuia kuiruhusu kampuni nyengine; ulijizuia wenyewe tu. Na kizuizi hicho kilikuwa na maana yake. Ni nani angezika fedha zake ardhini kwa miaka 25, huku akijua kwamba siku yoyote upepo wa rai za watu ukigeuka, mji wenyewe utaingia sokoni kushindana naye? Mshindani huyo hahitaji faida, ana kodi za watu nyuma yake, na hapana shaka kwamba atakuwa bwana wa soko. Na kama kampuni haitimizi wajibu, mlango wa mahakama ulikuwa wazi, na mapatano yenyewe ndiyo yaliyouonyesha. Katiba ya Marekani hukataza jimbo kutunga sheria ya kudhoofisha mapatano, na sheria ya mji ikahisabiwa kuwa ni mkono wa sheria ya jimbo.

Hiyo ndiyo hukumu ya sheria. Lakini sisi hatukuulizana khabari ya sheria za Marekani, tuliulizana khabari ya haki. Yawezekana jambo likawa halali mahakamani, na dhamiri isipoe. Kwa hiyo nitazieleza hoja tatu za upande wangu wa zamani, nami nizipime kwa insafu.

Hoja ya kwanza husema: maji si kama kitambaa wala kahawa. Mtu aweza kuishi bila ya kitambaa kipya, lakini hawezi kuishi bila ya maji. Basi ahadi iliyofungwa juu ya maji haiwi na nguvu kama ahadi nyengine. Hoja hii ni nzuri kusikiliza, na mwanzo wake ni kweli. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji. Lakini mafakihi hawakuchanganya maji ya mto na maji yaliyotekwa na mtu kwa jasho lake akayatia katika chombo chake. Mto ni neema ya Mwenyezi Mungu kwa wote. Bomba lililochimbiwa njia, tangi lililojengwa na mashini iliyonunuliwa ni kazi ya mikono, na mwenye kazi ana ujira wake. Na kwa kuwa maji ni dharura, mji huwahitajia zaidi watu watakaotoa mali yao kuyaleta, nao watayatoa pale tu wanapoamini kwamba neno la mji ni neno. Hivyo dharura ya maji haipunguzi uzito wa ahadi, huuongeza.

Hoja ya pili husema: watu wengi walipiga kura, na ni nani kampuni ya watu wachache kusimama mbele ya mji mzima? Hapa yatupasa tutahadhari, kwani ulimi ni mwepesi kusema «wengi» pale anaposimama nao. Wingi ni njia ya kuamua mambo yetu sisi wenyewe: tujenge nini, tulipe kodi gani, nani atuongoze. Lakini haki ya mtu wa pili katika mapatano si jambo letu sisi peke yetu. Watu kumi wakikopa kwa mmoja, hawawezi kukaa kikao na kupiga kura kwamba deni limekwisha. Na madhara ya kuvunja hayaishii kwa tajiri yule. Mji ukijulikana kwamba huvunja neno, atakayekuja kesho kuujengea kitu atatia khofu yake katika bei, na bei hiyo italipwa na mjane na mchukuzi kabla ya kulipwa na mjumbe wa baraza.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo iliyoniweka mimi katika upande ule muda mrefu. Husema: waliotoa ahadi mwaka 1887 si watu wale wale waliokuwepo mwaka 1893. Vijana walibaleghe, wageni walihamia, wazee walikufa. Vipi mtu afungwe na neno ambalo hakulisema?

Jawabu yake ni kwamba twaurithi mji kama tunavyorithi nyumba ya baba. Hatusemi, «Kuta ni zetu lakini rehani ni ya marehemu.» Mwenye kunywa maji ya bomba lililolazwa kwa ahadi ile ameingia katika ahadi ile kwa kinywa chake. Hata hivyo, nakubali kwamba uwezo wa waliotangulia juu yetu una mipaka. Ahadi isiyo na mwisho, itakayowafunga wajukuu wa wajukuu, ni dhulma hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Ahadi iliyofanywa gizani, au iliyonunuliwa kwa hongo, haina heshima. Ahadi isiyo na mlango wa kutokea pale mwenzi anapokhini ni jela. Lakini ile ya Walla Walla ilikuwa na muda maalum, ilitangazwa kwa sheria ya mji, ilikuwa na mlango wa mahakama, na juu ya hayo ilikuwa na mlango wa kununua. Mwenye milango miwili akaamua kuvunja ukuta hana udhuru.

Na asifikiri msomaji kwamba mahakama zile ziliipa kila kampuni kila iliyoitaka. Mwaka 1906 Mahakama Kuu hiyo hiyo ilihukumu kesi ya mji wa Knoxville, jimbo la Tennessee. Huko mji ulikuwa umeahidi kutompa mtu mwengine yeyote wala kampuni nyengine yoyote ruhusa ya kuleta maji. Mji ulipotaka kujenga mtambo wake wenyewe, kampuni ikasema kwamba ahadi ile yauzuia mji pia. Jaji John Marshall Harlan akaandika hukumu iliyoikataa dai hilo: kumwahidi mtu kwamba hutamkaribisha mwengine si kuahidi kwamba wewe mwenyewe hutaingia. Mwenye kutaka kuuzuia umma haki yake kwa ajili ya faida yake yampasa aonyeshe neno lililo wazi, na penye shaka umma ndio hupewa. Mwaka 1913, katika kesi ya mji wa Madera, California, Jaji Oliver Wendell Holmes alikwenda njia hiyo hiyo: kampuni ambayo haikuahidiwa kwamba mji hautashindana nayo haiwezi kuifanya hasara yake kuwa ni ahadi.

Ukiziweka hukumu hizi pamoja utaiona mizani iliyonyooka. Kilichosemwa hufunga, hata kikiuma. Kisichosemwa hakiwafungi watu kwa kubahatisha. Mji usilikimbie neno lake, na tajiri asilivute neno la mji likafika mahali ambapo halikutumwa.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo laniuma, ili nisionekane kuwa nawasifu majaji wale kupita kiasi. Huyo Jaji Brown aliyeilinda hati ya kampuni mwaka 1898 ndiye yule yule aliyeandika hukumu ya Plessy mwaka 1896, iliyohalalisha watu weusi kutengwa katika mabehewa ya treni. Na Jaji Harlan wa kesi ya Knoxville ndiye peke yake aliyeikataa hukumu hiyo ya Plessy. Basi yawezekana mtu akawa mwangalifu sana kwa haki iliyoandikwa katika hati ya mwenye mali, na akawa kipofu kwa haki ya binadamu asiye na hati. Wako wasemao kwamba jambo hili latosha kuidharau hukumu ya Walla Walla. Sioni hivyo. Neno la haki hupokewa kwa yeyote alisemaye. Lakini latufundisha kwamba utimizaji wa ahadi haukamiliki mpaka umfikie na mnyonge. Mwenye kutimiza ahadi kwa aliye na wakili tu, huyo hatimizi ahadi, aogopa mawakili.

Sasa turudi kwenye lile sharti nililomwomba msomaji alishike. Mji wa Walla Walla haukuwa mfungwa. Kama wananchi wake walitaka maji yawe ya umma, na mimi naona kwamba ni kheri maji kuwa ya umma, njia ilikuwepo: waithamini mitambo, walipe, wachukue. Tofauti ya kununua na kuvunja si fedha tu. Anayenunua humwambia mwenzake, «Nakiri kwamba ulifanya kazi.» Anayejenga ubavuni mwake ili amfilisi humwambia, «Nilikuhitaji jana, leo sikujui.»

Na sisi Waislamu mfano huu si mgeni kwetu. Katika mji wa Madina palikuwa na kisima kikiitwa Ruma, na mwenyewe akiuza maji yake, na watu wakipata mashaka. Mtume alikuwa na wafuasi waliokuwa tayari kwa kila amri. Haikutoka amri ya kumpora mtu kisima chake. Ilitoka nasaha: ni nani atakayekinunua akifanye cha watu wote? Sayyidna Uthman bin Affan akakinunua kwa mali yake, akakitoa wakfu. Maji yakawa ya umma, na hapakuwa na aliyedhulumiwa. Na katika mapatano ya Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, Abu Jandal alikuja na pingu zake akiomba hifadhi, naye akarudishwa, kwa kuwa sharti la kurudisha lilikwisha kukubaliwa. Masahaba waliumia nyoyo, lakini neno lilitimizwa. Basi ni nani kati yetu atakayesema kwamba maslaha yetu ni makubwa kuliko maslaha ya siku ile?

Niliahidi kueleza kwa nini nilikuwa katika upande wa pili. Mimi ni mmoja wa kamati ya madrasa ya mtaani kwetu. Madrasa ina nyumba ya wakfu yenye duka mbele, na kamati iliyotutangulia ilimkodisha fundi wa kushona kwa miaka kumi, kwa kodi iliyokuwa ya haki siku zile, kwa sharti kwamba atengeneze paa lote kwa fedha zake na avute mfereji wa maji mpaka uani. Yote mawili aliyafanya. Sasa ni mwaka wa sita, kodi za mtaa zimepanda, na amekuja mfanya biashara aliye tayari kulipa mara mbili. Mimi ndiye niliyesimama katika kikao nikasema kwamba maslaha ya watoto wa madrasa hutangulia, na kwamba sisi hatukutia sahihi karatasi ile. Nilisema kwa ufasaha, na vichwa vikatikiswa kunikubali.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango, wala si mtu wa maneno mengi, akaniuliza: «Mwanangu, hilo paa lililo juu ya kichwa chako hapo ulipo, nani aliyelitia?» Kisha akainuka akaenda uani kutawadha kwa maji ya mfereji ule ule, maana Isha ilikuwa imeadhiniwa. Nilibaki na ufasaha wangu mkononi kama mtu aliyeshika mwavuli jua likiwaka.

Kikao cha pili kitakuwa baada ya Ijumaa ijayo, na nimekwisha kumwambia mwenyekiti kwamba nitalirudisha neno langu mbele ya wale wale niliolisema mbele yao. Kama twaona kodi ni ndogo mno, tumwendee fundi tumweleze hali ya madrasa, tumwombe kwa hiari yake. Kama twalitaka duka, tumlipe paa lake, mfereji wake na miaka yake minne, akiridhika. Na akikataa yote mawili, tusubiri miaka minne. Watoto wetu wakisoma Kurani chini ya paa lenye deni la haki watasoma vizuri zaidi kuliko chini ya paa lililonyang'anywa.

Na kwa sisi tunaotia sahihi kwa niaba ya wengine, wa barazani, wa msikitini na wa vyama, nasaha yangu ni fupi. Tusiahidi muda mrefu kuliko tunavyoweza kuwaeleza watoto wetu. Tusiandike hati isiyo na mlango wa haki wa kutokea. Na tukisha kuahidi, tusiwafundishe watakaotufuata kwamba neno la wengi ni jepesi kuliko neno la mmoja. Muungwana ni ahadi, na mji nao, ukitaka kuitwa wa waungwana, hauna njia nyengine.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.